UZI: Losheni inajitenga, inatoa maji au inageuka kuwa ya mafuta. Kemia ya emalsifaya na jinsi ya kujua tatizo liko wapi

#1 Mzee wa HLB

Wakuu salaam.

Swali linalorudi jukwaani kila mara ni moja: losheni imejitenga, niongeze emalsifaya kiasi gani? Swali hilo halijibiki kabla hujajua imejitenga kwa njia gani, kwa sababu dawa ya tatizo moja huzidisha jingine. Tuliweke hapa lote kwa vipimo, na mwenye nyongeza aongeze.

Emalsheni ni mafuta yaliyokatwa vitone vidogo ndani ya maji, au maji yaliyokatwa vitone ndani ya mafuta. Losheni nyingi za dukani ni za aina ya kwanza: maji ndiyo awamu ya nje, mafuta ndiyo ya ndani. Emalsifaya ni safaktanti, yaani molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, na makao yake ni pale mpakani. Ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kushusha mvutano wa mpaka ili blenda iweze kukata vitone vidogo. Ya pili ni kujenga utando unaozuia vitone visiungane tena. Safaktanti moja inaweza kuwa hodari kwa ya kwanza na dhaifu kwa ya pili. Polisobeti 80 ikiwa peke yake iko hivyo: losheni inatoka nyeupe na laini, baada ya muda mafuta yanaelea.

Sasa tazama chupa yako. Ukiona tabaka nzito jeupe juu na majimaji ya kijivu chini, na ukitikisa linarudi sawa, hapo vitone vimepanda tu, kama maziwa mabichi yanavyopandisha malai. Utando haujavunjika. Kasi ya kupanda hufuata kanuni ya Stokes, inakwenda kwa mraba wa ukubwa wa kitone. Kitone cha mafuta cha mikroni 10 ndani ya maji matupu hupanda kama sentimita 38 kwa siku, cha mikroni 1 hupanda kama milimita 4. Tiba ni kukata vitone vidogo zaidi au kuongeza unato wa maji, yaani kuyafanya mazito, kwa zanthani gamu 0.2 hadi 0.4%. Kuongeza emalsifaya hapa si tiba.

Ukiona mafuta ya njano angavu juu na ukitikisa hayarudi, vitone vimeungana na utando umeshindwa. Hapo ndipo swali la aina na kiasi cha emalsifaya linapoanza.

Ukiona losheni imekuwa nzito ghafla, inang'aa, inateleza kama mafuta mkononi, haioshekeki kwa maji, na pembeni inatoa matone ya maji, imegeuka. Maji yameingia ndani, mafuta yamekuwa nje. Watu wengi huita hili "kukatika" na kuongeza blenda. Blenda haiwezi kuirudisha ikiwa kemia inataka ikae hivyo.

Kanuni ya msingi ni ya Wilder Bancroft, 1913: awamu ambayo emalsifaya inayeyuka zaidi ndiyo inayokuwa ya nje. Si awamu iliyo nyingi. Unaweza kuwa na maji 70% na bado ukapata krimu ya maji ndani ya mafuta, kama emalsifaya yako inapenda mafuta. Kila kitu kinachobadilisha mapenzi ya emalsifaya, iwe joto, chumvi, pH au aina ya mafuta, kinaweza kuigeuza losheni bila wewe kugusa uwiano.

#2 BintiPwani

Asante sana mkuu. Naweka fomula ili ichambuliwe, kwa gramu 100: maji 60, juisi ya aloe vera 5, gliserini 3, mafuta ya nazi 18, siagi ya shea 6, nta ya nyuki 3, waksi ya emalsifaya 3, kihifadhi 1, manukato 1. Mafuta yanaelea juu, na ikitikiswa hayarudi. Ikisafirishwa kwenda Njombe hali ni mbaya zaidi kuliko ikibaki Dar. Nilidhani nta ya nyuki inasaidia kushikilia.

#3 Mzee wa HLB

Dada BintiPwani, tuanze na nta. Nta ya nyuki peke yake si emalsifaya. Inaongeza ugumu wa awamu ya mafuta, basi. Ndiyo, ina asidi huru kidogo, na ikikutana na boraksi asidi hizo huwa sabuni, ndiyo siri ya krimu baridi za zamani. Bila alkali ni mzigo mwingine wa mafuta ambao waksi yako inatakiwa kuubeba.

Hesabu: nazi 18, shea 6, nta 3, jumla 27. Waksi 3. Hiyo ni 11% ya mafuta. Waksi ya aina hii huhitaji 20 hadi 25% ya uzito wa awamu ya mafuta, maana sehemu kubwa ya waksi yenyewe si safaktanti, ni alkoholi ya setearili. Kwa mafuta 27 ungehitaji kama gramu 6 na nusu, na losheni ingekuwa nzito mno. Bora ushushe mafuta hadi 20 (nazi 10, alizeti 5, shea 4, nta 1) na waksi iwe 5.

Kingine, angalia kibandiko cha waksi. Sokoni kwetu kuna vitu viwili tofauti kwa jina moja. Ile ya kiwango cha BP, cha Uingereza, ni alkoholi ya setostearili 90% na sodiamu lauri sulfati 10%. Ile ya NF, ya Marekani, ni alkoholi ya setearili na polisobeti 60. Ya kwanza ina chaji hasi, ya pili haina chaji. Tabia zao kwenye chumvi na joto hazifanani kabisa. Muuzaji akikuambia "ni waksi tu", mwombe karatasi ya viambato. Bila karatasi hiyo, ushauri wowote utakaopewa hapa ni wa kubahatisha.

#4 Sufuria_Mbili

Niongeze kuhusu Njombe, maana sababu yake ni tofauti na ya upungufu wa waksi.

Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi. Dar yanabaki kimiminika ndani ya kitone karibu mwaka mzima. Nyanda za juu usiku yanaganda, na fuwele zake ni sindano zinazotoboa utando wa kitone na kuingia kwenye kitone cha jirani. Vitone vinashikana vikiwa nusu vimeganda. Asubuhi jua likipasha, fuwele zinayeyuka, na vitone vilivyounganishwa vinakuwa tone moja kubwa. Mafuta yanaelea. Ukirudia usiku tatu nne losheni imekwisha.

Ndiyo maana mkuu hapo juu ameweka alizeti 5. Hiyo hubaki kimiminika hata kwenye baridi kali ya huko, na ikichanganyika na nazi hushusha joto la kuganda la mchanganyiko. Kwa bidhaa ya kupeleka Makete au Mbeya, mimi ningeweka nazi isizidi nusu ya awamu ya mafuta.

#5 Chemchem255

Wakuu, naomba hesabu ya HLB ifanywe mbele ya macho kwa anayetaka kutumia Span (esta za sobitani) na Tween (polisobeti) badala ya waksi.

#6 Mzee wa HLB

HLB ni kipimo cha uwiano wa kupenda maji na kupenda mafuta, alichokitoa William Griffin wa Atlas Powder Company mwaka 1949. Kwa safaktanti zisizo na chaji, unachukua uzito wa sehemu inayopenda maji, unagawanya kwa uzito wa molekuli yote, unazidisha kwa 20. Chini, 3 hadi 6, ni za maji ndani ya mafuta. Kuanzia 8 hadi 16 hivi ni za mafuta ndani ya maji. Upande wa pili, kila mafuta yana HLB yanayoitaka. Nazi 8, shea 8, alizeti 7, nta ya nyuki 9, mafuta ya nyonyo 14, alkoholi ya setili 15.5.

Mfano wa gramu 100 wenye mafuta 20: nazi 12, shea 4, nyonyo 2, alkoholi ya setili 2.

Nazi 12/20 × 8 = 4.80
Shea 4/20 × 8 = 1.60
Nyonyo 2/20 × 14 = 1.40
Setili 2/20 × 15.5 = 1.55
Jumla 9.35

Span 60 ina 4.7, Tween 60 ina 14.9. Sehemu ya Tween = (9.35 − 4.7) ÷ (14.9 − 4.7) = 4.65 ÷ 10.2 = 0.456. Kwa emalsifaya gramu 4 kwa jumla: Tween 60 gramu 1.82, Span 60 gramu 2.18. Gliserini 4, zanthani 0.3, kihifadhi 0.9, maji 70.8.

Kwa nini mbili badala ya moja yenye HLB 9.35? Kwa sababu kichwa cha Tween ni kinene, kimejaa minyororo ya ethilini oksidi, hivyo molekuli zake haziwezi kusimama karibu karibu. Span ina kichwa kidogo, inaziba nafasi katikati. Utando unakuwa mzito na hautobolewi kirahisi. Chagua mikia inayolingana pia: 60 na 60, stearati kwa stearati. Tween 80 na Span 60 zina mikia tofauti, mmoja umepinda na mwingine umenyooka, hazijipangi vizuri.

HLB haikuambii utumie kiasi gani, na haijui joto wala chumvi. Jaribu tatu sambamba: 8.5, 9.35 na 10, gramu 100 kila moja, uone ipi inasimama.

#7 Nairobi_Batch

Hapo pa joto ndipo naingia.

Emalsifaya zenye ethilini oksidi (polisobeti, setearethi, PEG stearati) hupenda maji kwa sababu minyororo yake hushikwa na maji kwa vifungo vya haidrojeni. Ukipasha, vifungo vinalegea, kichwa kinakauka, na emalsifaya ile ile iliyokuwa ya maji inaanza kupenda mafuta. Kuna joto ambalo mapenzi yanalingana pande zote mbili. Chini yake ni mafuta ndani ya maji, juu yake ni maji ndani ya mafuta. Kozo Shinoda wa Japani ndiye aliyeliweka wazi mwaka 1964, na watu wa viwandani huliita PIT, joto la kugeuka.

Hili lina faida na hatari kwa wakati mmoja. Kwenye PIT mvutano wa mpaka huwa mdogo sana, kiasi kwamba hata kukoroga kwa kijiko kunakata vitone vya nanomita 50 hadi 200. Ila kwenye joto hilo hilo vitone huungana haraka kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo sheria ni kupita hapo, si kukaa hapo. Anayeacha sufuria ipoe polepole juu ya meza huku PIT yake iko nyuzi 70, losheni inakaa dakika nyingi ndani ya eneo la hatari na inatoka na vitone vikubwa. Baadaye blenda inalaumiwa.

Kupima PIT hakuhitaji mashine ya bei. Multimita ya fundi umeme inatosha. Weka chumvi 0.06% kwenye maji ili yapitishe umeme kidogo. Changanya kila kitu, tumbukiza ncha mbili za multimita zikiwa zimefungwa umbali wa sentimita 1 zisicheze, weka kipimajoto, pasha nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika huku unakoroga muda wote. Soma ohmu. Maji yakiwa nje, ukinzani ni mdogo. Emalsheni ikigeuka, mafuta yanakuwa nje na ukinzani unaruka hadi megaohmu. Andika joto hilo. Poza, uone linaporudi. Mara nyingi namba mbili hazilingani sawasawa, chukua katikati.

Losheni itakayokaa dukani kwa nyuzi 30 na kwenye gari la mizigo kwa nyuzi 45 inahitaji PIT ya 65 au zaidi. Shinoda alipendekeza hifadhi iwe nyuzi 20 hadi 65 chini ya PIT. Ikiwa PIT yako ni 55, usishangae ikigeuka juani.

PIT inashuka ukiongeza chumvi, ukiongeza Span au gliserili stearati, au ukiweka manukato mengi. Inapanda ukiongeza emalsifaya yenye ethilini oksidi nyingi. Mafuta ya mimea kama nazi na alizeti huwa na PIT ya juu kuliko mafuta ya parafini, mara nyingi juu ya joto la maji kuchemka, hivyo ukitumia Tween na Span kwa nazi tupu huenda usione mgeuko wowote kwenye sufuria. Hiyo ni habari njema ya uthabiti, ila usitegemee kupata vitone vya nanomita kwa njia hii. Anayetaka hivyo atumie isopropili miristati au parafini nyepesi pamoja na setearethi na gliserili stearati kidogo, apashe nyuzi 5 juu ya PIT, kisha akatize kwa kumimina nusu ya maji yote yakiwa baridi huku anakoroga. Maji hayo baridi yawe yamechemshwa kwanza na kupozwa ndani ya chombo kilichofunikwa, la sivyo unamwagia bakteria.

#8 Chemchem255

Mkuu Nairobi_Batch, na zile emalsifaya za sukari, kama setearili glukosidi?

#9 Nairobi_Batch

Kichwa cha glukosi hakikauki kwa joto kama ethilini oksidi. Kwa hiyo hazina PIT ya kuzungumzia katika joto la sufuria. Anayeuza sehemu za joto kali afikirie hizo au Olivem 1000, ambayo nayo haina ethilini oksidi. Ila zina tabia nyingine: uzito wake hujengwa na tabaka tabaka za fuwele za kimiminika, na ukipiga blenda chini ya nyuzi 45 unazikata, losheni inabaki majimaji. Blenda ukiwa moto, kisha spatula tu hadi ipoe.

#10 Mtafiti_Mdogo

Kuna mafundisho mawili yanapingana: "mimina maji kwenye mafuta" na "mimina mafuta kwenye maji". Lipi sahihi?

#11 Mzee wa HLB

Yote yanafanya kazi, na tofauti yake ni mgeuko wa aina ya pili, usiohitaji joto kubadilika.

Ukimimina maji polepole kwenye mafuta yenye emalsifaya, mwanzoni maji ni machache, kwa hiyo yanakuwa ya ndani. Unaanza na emalsheni iliyo kinyume. Kadiri unavyoongeza, vitone vya maji vinabanana, mchanganyiko unakuwa mzito, unang'aa, unavutika. Duara zinazolingana zikijazana haziwezi kuzidi asilimia 74 ya ujazo bila kubonyea, lakini mgeuko wenyewe unaweza kuja mapema zaidi au baadaye zaidi, kutegemea emalsifaya na kasi ya kumimina. Ghafla unato unaanguka, rangi inakuwa nyeupe ya maziwa. Imegeuka. Vitone vya mafuta vinavyozaliwa hapo huwa vidogo kuliko ukimimina mafuta kwenye maji kwa blenda ile ile.

Namna ya kufanya: mafuta na emalsifaya nyuzi 75, maji na gliserini nyuzi 75 hadi 78. Mimina sehemu ya kumi ya maji, koroga hadi yapotee, kisha sehemu nyingine, hivyo hivyo hadi uone unato unaanguka. Baada ya hapo maji yaliyobaki unaweza kuyamimina haraka. Hatari ni kusimama kabla ya mgeuko kwa kudhani "imeshakuwa nzito, imeiva". Ukipoza hapo utapata krimu ya mafuta inayotoa maji kesho yake. Hakikisha kwa tone: dondosha kwenye glasi ya maji baridi. Likisambaa kama wingu jeupe, maji yako nje. Likibaki donge linaloelea, bado.

Ukiona maji yanakataa kuingia na yanakaa pembeni, na mgeuko hauji hata ukimaliza maji yote, HLB yako iko chini mno. Ongeza Tween kwa 0.3% kila mara, usiongeze kasi ya blenda.

Kwa anayetengeneza kinyume, krimu ya maji ndani ya mafuta kwa poligliserili-3 polirisinoleati au Span 80, hakuna njia ya mkato: maji yaingie polepole mwanzo hadi mwisho, na yawe na magnesiamu sulfati 0.5 hadi 1%. Chumvi ile ile inayovunja losheni ya kawaida ndiyo inayoimarisha hii, kwa sababu inazuia maji yasihame kutoka kitone kidogo kwenda kikubwa.

#12 Sufuria_Mbili

Chumvi imetajwa, basi tuzungumze maji magumu na emalsifaya za sabuni, maana watu wengi wa krimu za bei nafuu wanatumia asidi ya steariki na triethanolamini.

Fomula ya kawaida: asidi ya steariki gramu 3, triethanolamini gramu 1, kwa gramu 100. Kwa hesabu ya moli, gramu 1 inageuza karibu theluthi mbili ya asidi kuwa sabuni, iliyobaki inabaki asidi na kutoa ugumu. Sabuni hii ina mkia mmoja na kichwa chenye chaji hasi, inapenda maji. Kalsiamu ikija, ioni moja inashika mikia miwili. Molekuli sasa ina mikia miwili na kichwa kidogo, inapenda mafuta. Ndiyo jaribio alilofanya Clowes mwaka 1916: ukiongeza kalsiamu ya kutosha, emalsheni ya sabuni inageuka kutoka mafuta ndani ya maji kuwa maji ndani ya mafuta.

Lakini maji magumu yanalaumiwa kupita kiasi kwenye fomula hii. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, gramu 75 zake zina kalsiamu ya kushika kama 7% ya sabuni yako. Haitoshi kugeuza. Kwa waksi ya BP gramu 5 hali ni nyingine: sodiamu lauri sulfati ni nusu gramu tu, na kalsiamu ile ile inatosha kushika robo yake. Hapo tofauti utaiona. Tumia maji yaliyotoneshwa kwa matumizi ya maabara au dawa. Maji ya betri hayatengenezwi kwa ajili ya ngozi, na chupa nyingine madukani kwa jina hilo hilo zina asidi. Msiyatumie.

Wavunjaji wakubwa ni vile mnavyoongeza kwa makusudi. Magnesiamu kloridi gramu 5 kwenye krimu ya stearati ina ioni nyingi mara kadhaa kuliko sabuni yote iliyomo. Zinki oksidi, kwa krimu ya watoto, inageuza stearati kuwa stearati ya zinki taratibu, krimu inakuwa na chenga baada ya wiki chache. Na asidi: ukitia asidi ya sitriki au ya laktiki, pH ikishuka chini ya 7 sabuni inarudi kuwa asidi ya steariki, na emalsifaya imetoweka. Krimu za stearati ziachwe kwenye pH 7.5 hadi 8.5. Anayetaka pH 5 abadilishe emalsifaya, atumie gliserili stearati na PEG-100 stearati, ambazo hazina chaji.

Juisi ya aloe vera ya dada BintiPwani nayo ina chumvi zake. Kwa waksi ya NF 5% haisumbui. Kwa ya BP ianze na 2%.

#13 Nywele_Asilia

Kwa wenzangu wa kondishena: BTMS, emalsifaya ya kondishena, ina chaji chanya. Ikikutana na zanthani, kabopoli, sabuni, sodiamu lauri sulfati au waksi ya BP, chanya na hasi vinashikana na kuwa chenga nyeupe, na losheni inakatika hapo hapo. Ukitaka uzito tumia haidroksiethili selulosi 0.5%. BTMS-50 ni nusu tu safaktanti, BTMS-25 ni robo. Fomula ya moja usiihamishie kwa nyingine gramu kwa gramu.

#14 Gulu_Shea

Naomba jambo moja lisichanganywe na kujitenga: chembechembe za shea. Losheni ikiwa na punje zinazoyeyuka ukizisugua kidoleni, hiyo ni stearini ya shea, yaani sehemu yake ngumu, iliyoganda polepole. Emalsheni ni nzima. Pasha awamu ya mafuta nyuzi 75 hadi 80 kwa dakika 20 ili mbegu zote za fuwele zife, kisha poza haraka ndani ya beseni la maji baridi huku unakoroga. Shea ya huku kaskazini mwa Uganda, ile tunayoiita moo yaa, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina oleini (sehemu ya kimiminika) nyingi, na hutoa punje chache. Ila kwa sababu ni laini, krimu itakuwa nyepesi kidogo. Ongezeni alkoholi ya setearili 0.5%.

Na iwe setearili, si setili tupu. Setili tupu inajenga mtandao mzuri siku ya kwanza, halafu inaanza kutoa fuwele zinazong'aa kama lulu na losheni inalegea. Mchanganyiko wa minyororo miwili hukaa.

#15 Karafuu_Unguja

Losheni ya mafuta ya karafuu pekee, bila mafuta mengine, emalsifaya ni polisobeti 20. Asubuhi inaonekana safi, baada ya muda mfupi inakuwa na vitone vinavyoonekana kwa macho, tena vinakaa chini. Je, ni HLB?

#16 Mzee wa HLB

Sio HLB ndugu. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, na eujenoli inayeyuka kwenye maji kama gramu 2 na nusu kwa lita. Mafuta ya namna hiyo hayahitaji vitone kugongana. Molekuli zinatoka kwenye kitone kidogo, zinapita ndani ya maji, zinaingia kwenye kikubwa. Vikubwa vinakula vidogo. Emalsifaya ikizidi na kutengeneza miseli nyingi, yaani vifurushi vidogo vya molekuli zake ndani ya maji, huweza hata kuharakisha usafirishaji. Na vinakaa chini kwa sababu eujenoli ni nzito kuliko maji, 1.06 hivi.

Tiba ni kuyachanganya na mafuta yasiyoyeyuka kwenye maji kabla ya kuemalsifai. Sehemu 1 ya karafuu kwa 4 za alizeti. Eujenoli ikianza kuhama, alizeti inabaki nyuma, kitone kidogo kinakuwa na alizeti nyingi, na hali hiyo inaizuia eujenoli isiendelee kutoka. Uzito nao unashuka chini kidogo ya wa maji, kwa hiyo vitone havizami tena, huelekea kupanda polepole. Kwa losheni ya ngozi karafuu yote isizidi 0.5%, inawasha.

#17 BintiPwani

Nimepata karatasi ya waksi, ni NF. Naomba utaratibu wa kupima kabla ya kuuza, na je, ndoo iliyokwisha jitenga inaokoleka?

#18 Nairobi_Batch

Vizuri, NF na aloe 5% haina shida.

Kupima: acha losheni saa 48 kabla ya kuihukumu, mtandao wa alkoholi ya setearili bado unajijenga. Kisha gawa chupa tatu. Moja nyuzi 45 ndani ya boksi lililofunikwa foili, lenye balbu na themostati, kwa miezi mitatu. Moja joto la chumba kwa kulinganisha. Ya tatu saa 24 friji, saa 24 nyuzi 45, mizunguko sita, hiyo ndiyo itakayokuonyesha safari ya Njombe. Mwenye sentrifuji apige mizunguko 3000 kwa dakika kwa nusu saa. Kila wiki angalia rangi, pH, harufu, na fanya lile jaribio la tone kwenye maji. pH ikishuka bila sababu, shuku bakteria kabla ya kushuku emalsifaya.

Kuhusu ndoo: kama ni ya siku hiyo hiyo, pasha yote hadi nyuzi 75, yeyusha waksi inayopungua (kwa fomula yako ya mwanzo gramu 3.5 kwa kila 100) pembeni na mafuta kidogo, mimina, blenda dakika 3, kisha spatula hadi nyuzi 40. Manukato yaongezwe upya. Kihifadhi kiangalie karatasi yake: kama hakivumilii nyuzi 75, weka kipya kwa kiwango kamili. Na kama kihifadhi ni parabeni, jua kwamba polisobeti iliyomo kwenye waksi inashika sehemu yake ndani ya miseli, kwa hiyo ukiongeza waksi umepunguza nguvu ya kihifadhi.

Kama ndoo imekaa wiki, imwage. Maji yaliyojitenga chini yamekaa bila kihifadhi cha kutosha, maana kihifadhi kingi kimebaki kwenye mafuta juu.

#19 BintiPwani

Nashukuru sana wakuu. Naanza na mafuta 20, waksi 5, chupa tatu kama ulivyosema.

#20 Mzee wa HLB

Sawa dada. Weka na ya nne yenye waksi 4. Kama nayo itavuka mizunguko sita, tumia hiyo, ngozi nyingi za Dar hazipendi waksi nyingi wakati wa joto. Lete matokeo ya pH na ya tone tuyasome.